GARI KUUKUU NA KABURETA YAKE

Hotuba iliyosomwa mbele ya masheha, walimu na wenye magari wa shamba, Unguja

Nimetakiwa niseme machache juu ya magari makuukuu ya petroli: jinsi ya kuyajua maradhi yake, na khasa maradhi yasemwayo kuwa ni ya kile chombo kiitwacho kabureta. Mimi si mtu wa vitabu. Kazi yangu tangu ujana ni spana na bisibisi, basi mtanisamehe ikiwa maneno yangu yatanuka mafuta.

Huenda mmoja wenu akauliza moyoni mwake: ya nini khabari ya kabureta siku hizi, na hali magari mengi yateremshwayo bandarini Malindi hayana chombo hicho, bali petroli yake hurushwa injinini kwa nguvu ya pampu na kuongozwa na umeme? Ni kweli. Walakini magari ya zamani yangalipo, tena ziko pikipiki, ziko mashine ndogo za kutia taa nyumbani, ziko pampu za kunyweshea mboga, na nyingi katika hizo zina kabureta. Kanuni yake ni moja. Mwenye kuijua ya lori hatashindwa na ya pampu.

Nitaanza kwa kisa nilichokiona kwa macho yangu, kwani katika kisa hicho mna karibu yote niliyo nayo ya kusema.

Katika miaka ya 1980, nilipokuwa bado mwanafunzi wa fundi, watu wa kijiji kimoja upande wa Makunduchi walichanga fedha wakanunua lori moja la Bedford. Malori hayo yaliundwa Luton, Uingereza, katika kiwanda cha Vauxhall, tangu mwaka 1931, na kisiwani kwetu yalitumika sana. Lile lao lilikuwa limekwisha kuzeeka walipolinunua. Maseremala wakalijengea bodi la mbao, mabenchi huku na huku na paa juu, kama ilivyo desturi ya Unguja. Fedha zake zilitoka katika nazi, na katika kamba za makumbi walizozisokota wanawake. Nalisema hili ili mjue kwamba gari lile halikuwa mali ya tajiri mmoja. Alfajiri lilikwenda Darajani na samaki, mihogo, kuni na watu; jioni lilirudi na unga, sukari na mafuta ya taa. Siku lilipolala, samaki waliharibika, na mgonjwa aliyekuwa apelekwe mjini alingoja.

Basi gari lile likapata maradhi. Liliondoka nyumbani vizuri, likapita Muyuni vizuri, lakini likifika Kitogani lilianza kukohoa, na likikaribia msitu wa Jozani lilizimika kabisa. Dereva alishuka, akafungua kifuniko cha tangi, akatumbukiza kijiti ili aone kama petroli ipo. Petroli ipo. Akafunika, akakaa kidogo, akajaribu tena, gari likawaka likaenda. Siku ya pili mambo ni yale yale. Watu wakaanza kusema kwamba msitu una wenyewe.

Fundi mmoja wa mjini akasema kabureta imekwisha. Wakanunua nyingine, nayo si rahisi kupatikana. Ugonjwa haukutoka. Akasema ni pampu ya petroli. Ikabadilishwa, na ugonjwa haukutoka. Mwisho akasema injini imekufa, afadhali gari liuzwe chuma chakavu. Na katika siku hizo hizo, gari lilipozimika njiani, utingo wake, kijana wa miaka kama kumi na minane, alishika chupa ya petroli akaimimina katika koo la kabureta, na dereva akabonyeza stata. Injini ikarudisha moto nyuma, moto ukaipanda petroli mpaka kwenye chupa mkononi. Alikaa wiki nyingi hospitali. Alipona, walakini mkono ule haukuweza tena kukunja ngumi.

Hapo ndipo wazee wa kijiji walipomwita fundi wangu, nami nikamfuata na sanduku la vyombo. Tulikuta kikao kimekwisha kuelekea kuuza. Fundi wangu akauliza, “Limezimika mara ngapi, na wapi?” Kila mtu akasema lake. Ndipo akasimama mwalimu wa skuli ya pale, aliyekuwa akipanda gari lile kila wiki, akasema kwa adabu, “Fundi, mimi sijui injini, illa nimekuwa nikiandika.” Akatoa daftari. Alikuwa ameandika siku, mahali gari liliposimama, na petroli iliyotiwa siku ile. Fundi wangu alisoma kimya, kisha akasoma tena. Tangi likijazwa tele, gari halikufika Jozani. Tangi likiwa nusu, lilifika Tunguu. Tangi likiwa karibu na kukauka, lilifika mjini bila ya kusimama. Wao walikuwa wamefahamu kinyume: walidhani petroli nyingi yaitia injini uzito.

Fundi wangu hakugusa kabureta. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akatazama kifuniko. Kifuniko cha asili kilikuwa kimepotea zamani, na mahali pake palikuwa na kifuniko cha kopo la maziwa, kilichowekewa mpira wa tyubu ya gurudumu na kukazwa kwa waya, hata hewa haipiti. Kifuniko cha asili kina kitundu cha kupitishia hewa. Petroli inapotoka tangini, hapana budi hewa iingie mahali pake. Kama haiingii, tangi lashika petroli yake kama chupa iliyonywewa kwa mdomo bila ya kuachiwa pumzi, na pampu haiwezi kuivuta. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa juu, kwa hiyo hukaba upesi. Tangi tupu lina hewa nyingi, nalo hukawia kukaba. Na dereva, kila alipofungua ili atumbukize kijiti, alikuwa akiitia hewa ile na kuliponya gari bila ya kujua. Siku ile tulilegeza waya, gari likaenda mjini likarudi. Halikuuzwa. Lakini fedha za kabureta na za pampu zilikuwa zimekwisha kwenda, na mkono wa kijana yule ndio hivyo.

Sasa tutazame kabureta yenyewe ni nini. Petroli iliyo maji haiwaki vizuri ndani ya silinda. Yataka kwanza ifanywe mvuke na kuchanganywa na hewa. Kwa uzani, petroli sehemu moja yataka hewa sehemu zipatazo 15. Kwa kipimo cha lita, lita moja ya petroli hula lita za hewa zipatazo 9,000. Mwenye kufikiri hesabu hiyo ataona kwa nini kichujio cha hewa kilichoziba kwa vumbi huidhuru injini sawa na petroli chafu.

Wengi wenu mmeliona bomba la mkono la kunyunyizia dawa ya mbu. Hewa yapita kwa kasi juu ya mdomo wa kijirija, na dawa yapanda yenyewe kutoka koponi, yatoka kama ukungu. Kabureta hufanya kazi namna hiyo. Pistoni zinavuta hewa. Hewa yapita katika koo jembamba. Hapo mwendo wake wazidi na kani yake yapungua, na petroli yavutwa kutoka bakulini. Mjerumani Wilhelm Maybach aliunda kabureta ya kunyunyiza namna hii mwaka 1893. Bakulini mna boya. Petroli ikijaa, boya huinuka na kusukuma sindano iliyo juu yake, mlango ukafungwa. Petroli ikipungua, boya hushuka, mlango ukafunguka. Petroli haiendi kooni ovyo, bali hupitia vitundu vidogo vya shaba viitwavyo jeti, vilivyotobolewa kwa kipimo cha sawasawa. Na juu ya koo kuna kibati cha choki, kinachozuia hewa asubuhi injini ikiwa baridi, ili petroli izidi. Hicho ndicho chombo chenyewe. Mwaona kwamba hakina mengi ya kuvunjika. Kinachokidhuru mara nyingi ni uchafu uletwao na petroli, na mikono ya wale wasiokijua.

Kwa hiyo, gari likikataa, ninasema kabureta na ishitakiwe mwisho. Injini ya petroli yataka mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa, cheche kwa wakati wake, na mfinyo wa kutosha ndani ya silinda. Katika magari niliyoletewa kwa sababu ya kabureta, mengi ugonjwa wake ulikuwa katika cheche. Sina hesabu iliyoandikwa, lakini mafundi wengine wa zamani watawaambia hivyo hivyo.

Kabla ya kufungua chochote, mwulizeni dereva lilizimika vipi. Swali hili ni bora kuliko spana. Injini iliyozimika ghafula, kama taa iliyokatwa umeme, tazameni kwanza cheche: waya uliolegea, koili, kondensa, swichi. Injini iliyokufa polepole, ikikohoa na kushtuka, nguvu zikipungua kidogo kidogo, tazameni kwanza njia ya petroli. Si kanuni isiyokosea, walakini mara nyingi itawafikisha mlangoni pa ugonjwa.

Cheche hujaribiwa hivi. Chomoa waya wa plagi moja, ushike kwa koleo lenye mpira mkononi, uweke ncha yake mbali na chuma cha injini kadiri ya nusu sentimeta, na mwenzako azungushe injini. Cheche ya samawati, yenye mlio mkali, ni nzima. Cheche ya manjano, dhaifu, au isiyokuwapo, ni mgonjwa wako. Wala usifanye jambo hili mahali petroli ilipomwagika. Ukiona cheche ni dhaifu, fungua distributa, yaani kile kigawanya moto, utazame pointi. Zikiwa zimeungua na kuwa nyeusi, zisugue kwa tupa nyembamba au msasa, uzifute kwa kipande cha karatasi ngumu, kisha upime nafasi yake. Katika injini nyingi za zamani nafasi hiyo ni kama milimita 0.4, na ya plagi ni kama milimita 0.7, mwenye kitabu cha gari lake afuate kitabu. Pointi zikiungua tena baada ya siku chache, ugonjwa ni kondensa, kitu kidogo cha bei ndogo ambacho kimewahi kuhukumu injini nzima.

Hapa kwetu lipo jambo jingine. Katika masika, na katika vijiji vya pwani kama Chwaka, Paje na Jambiani, hewa ina maji na chumvi. Asubuhi kifuniko cha distributa huwa na unyevu ndani yake kama kioo kilichopumuliwa, na moto hupotea njiani usifike kwenye plagi. Gari halitaki kuwaka, betri inakwisha nguvu, na watu wanalisukuma mpaka jasho linawatoka. Kitambaa kikavu kingetosha. Kama kifuniko kina ufa mwembamba kama unywele, hicho hakiponi, kibadilishwe. Koili nayo hudanganya: ikiwa baridi ni nzima, ikipata moto yazimia, ikipoa yafufuka. Mfano wake wafanana sana na ule wa kifuniko cha tangi, ndiyo maana nasema pimeni cheche pale pale njiani gari linapozimika, si nusu saa baadaye.

Cheche ikiwa nzima, fuateni petroli kutoka tangini, wala msianzie mwisho wa njia. Fungueni kifuniko, mkisikia hewa ikivutwa ndani kwa sauti, mmekwisha kupata jibu. Kisha fungueni mrija unaoingia kwenye kabureta, mkinge chupa, na injini izungushwe. Petroli na itoke kwa mipigo yenye nguvu. Isipotoka, rudini nyuma: kichujio, pampu, mipira ya mrija. Mipira ya zamani hufumba kwa ndani na hali nje ni mizuri. Petroli mliyoikinga msiimwage; iacheni itulie katika chupa nyeupe. Maji ni mazito kuliko petroli, basi yatakaa chini, mtayaona. Tangi lililolala nusu tupu katika majira ya unyevu huota maji kwa ndani, na chuma chake huota kutu, na kutu ndiyo izibayo jeti. Mwenye tangi la namna hiyo atasafisha kabureta kila wiki mpaka achoke. Kumbe kinachotaka kusafishwa ni tangi.

Katika joto la kaskazi, petroli huweza kugeuka mvuke ndani ya mrija ulio karibu na injini, na pampu haivuti mvuke. Weka kitambaa kilichotiwa maji juu ya pampu na mrija. Injini ikiwaka baada ya hapo, usinunue pampu, bali usogeze mrija mbali na bomba la moshi.

Sasa, ikiwa yote hayo ni mazima, fungueni kabureta. Moshi mweusi, harufu ya petroli na plagi zenye masizi maana yake petroli yazidi: boya limetoboka, sindano imelika, choki haifunguki, au kichujio cha hewa kimeziba. Litoeni boya mlitikise karibu na sikio. Likiwa na petroli ndani mtaisikia. Likitiwa katika maji ya moto, povu litaonyesha tundu. Mtu asijaribu kulitia risasi ya moto na hali petroli imo ndani yake. Injini ikipiga chafya kooni na plagi ni nyeupe, petroli ni haba au hewa ya wizi yaingia. Tonesheni maji ya sabuni kidogo kwenye gasketi iliyo chini ya kabureta, injini ikiwa yaenda polepole. Mwendo ukibadilika, hewa yaingia hapo. Injini ikitulia vibaya lakini yakimbia vizuri barabarani, ni kijeti cha mwendo mdogo. Ikisita pale tu mguu unapokanyaga mafuta, ni kile kipampu cha ndani ya kabureta ambacho ngozi yake imekauka.

Jeti husafishwa kwa pumzi ya bomba la baiskeli. Husafishwi kwa waya! Nalirudia neno hili kwa sababu nimeona jeti nyingi zilizochokonolewa. Tundu lile ni kipimo. Ukilipanua unywele mmoja, gari litakula petroli tangu siku hiyo, na hutajua kwa nini. Na mkibadilisha kitu, badilisheni kimoja, mkajaribu, mkaandika, ndipo mkaenda cha pili. Fundi agusaye vitu vitano kwa mara moja hata akiponya gari hajui alichoponya.

Mfinyo nitausema kwa ufupi. Toa plagi moja, weka kidole gumba kwenye tundu, injini izungushwe. Kidole kisukumwe kwa nguvu, na silinda zote zilingane. Liko jambo moja ambalo wenye injini za zamani hawakuambiwa. Zamani petroli ilitiwa risasi, na risasi ile ililinda viti vya valvu. Kwa kuwa risasi ni sumu, khasa kwa watoto, nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuiuza petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006, na mwaka 2021 ikakoma duniani kote kwa magari ya barabarani. Ni jambo jema. Walakini injini ya zamani sana, yenye viti vya chuma cha kawaida, ikibeba mizigo mizito kwa mwendo mkali, valvu zake hula viti polepole, nafasi ya valvu yapungua mpaka haifungi, na gari hukataa kuwaka likiwa na moto. Mtu husema kabureta. Pimeni nafasi ya valvu mara kwa mara kuliko kitabu kisemavyo, na ikibidi fundi wa mashine atie viti vigumu.

Juu ya moto nina neno moja la amri, mkinivumilia. Pasiwe na sigara, wala koroboi, karibu na kabureta iliyo wazi. Mtu asivute petroli kwa mdomo. Na asiimimine kooni kwa chupa, hata kama mafundi kumi wamemwonyesha.

Nje hapo chini ya mwembe pana gari lililovutwa kwa kamba kutoka Dunga asubuhi hii. Mwenyewe asema kabureta imekufa. Sijaligusa. Mwalimu mmoja na achukue daftari lake, naye dereva atueleze kwanza lilizimika vipi.